Zipu kwa sikio: miaka mitano na wakala wangu wa mzigo wa Yiwu

"Mama, mzigo wa China nifuate mwenyewe au nimpe wakala?" Swali hili naulizwa kila wiki, dukani na kwenye simu, na nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Haya, njooni hapa niwajibu wote.

Nauza mahitaji ya mafundi cherehani Kariakoo: zipu, lastiki, vifungo, uzi, bitana, kanvasi. Fremu ni ndogo, kilemba nilichoilipia sitaki hata kukikumbuka. Wakala ninayemzungumzia ana ofisi ya vyumba viwili ghorofani, ghala Yiwu na stoo huku Dar. Jina lake silitaji. Malalamiko niliyonayo tulishayamaliza mezani kwake, na leo asubuhi tumesalimiana vizuri tu kwenye ngazi. Ukinisoma mpaka mwisho utajua cha kumuuliza wakala yeyote utakayempata.

Kwake sikwenda kwa kupenda. Mpaka mwaka 2019 nilikuwa nasafiri mwenyewe mara mbili kwa mwaka. Siendi Guangzhou wanakokwenda wengi. Vitu vyangu viko Yiwu, mkoa wa Zhejiang, kwenye soko lenye vibanda kama 75,000. Unatembea siku tatu na bado uko kwenye zipu na vifungo. Kusini kidogo, upande wa Wenzhou, kuna mji unaitwa Qiaotou ambao umejengwa na vifungo na zipu kama sisi huku mji ulivyojengwa na bandari. Huko nilijifunza kazi kwa vidole. Zipu unaipitisha kidoleni, unasikia kama meno yamekaa sawa. Lastiki unaivuta, unaiachia, unaivuta tena, unaangalia imerudi yote au imebaki imelegea. Muuzaji akikuona unavuta mara tano anashusha bei bila kuombwa, anajua huyu si mgeni.

Tiketi, hoteli, treni na chakula vilinila dola 1,600 hivi kwa safari. Nanunua mzigo wa dola 9,000, narudi. Kwa mwaka safari mbili, basi dola 3,200 zimekwenda kwa miguu yangu tu, hujagusa nauli ya mzigo.

Safari ya mwisho ilikuwa Novemba 2019. Nusu ya mzigo ilipakiwa Desemba, nusu nyingine kiwanda kikasema itatoka baada ya mwaka mpya wa Kichina, uliokuwa tarehe 25 Januari 2020. Siku mbili kabla ya sikukuu Wuhan ikafungwa. Nikafungua ramani, nikaona Wuhan ni mbali na Yiwu, nikajipa moyo. Wafanyakazi wa viwanda waliokuwa wamerudi vijijini kwao kula sikukuu hawakuruhusiwa kutoka. Zipu yangu haikuwa na corona, ila mkono wa kuifunga kwenye katoni ulikuwa umefungiwa mkoa mwingine.

Watu wa nje wakisimuliwa mwaka ule hapa kwetu hawaelewi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa, watu wakapiga nyungu, lakini Kariakoo haikufungwa hata siku moja. Sisi duka lilikuwa wazi, wateja wapo, pesa ipo. Kisima ndicho kilichofungwa. Tarehe 28 Machi China ikazuia wageni kuingia, hata wenye viza halali, na viza yangu ilikuwa bado na miezi minne.

Halafu ikaja lastiki. Aprili kila fundi wa mji huu alikuwa anashona barakoa za kitenge. Lastiki nyembamba, ile ya milimita 5 ambayo miaka yote nilikuwa naiuza kwa huruma, ikaanza kutafutwa kama sukari ya mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa na mabunda 140. Bunda la 6,000 nikaliuza 9,000, kesho yake 14,000, mwisho 22,000. Fundi mmoja wa Tandika, mtu mzima, mteja wangu tangu nauza kwenye meza, akahesabu noti polepole akanipa, akasema, "Sawa mwanangu, ugonjwa nao umekuwa biashara." Sijui kama anasoma haya. Siku ya nne sikuwa na lastiki hata ya kushonea suruali ya mtoto, na ile faida haikununua bunda jingine kwa sababu halikuwepo la kununuliwa. Mafundi wakahamia kutumia kamba za kitambaa cha fulana. Zikafanya kazi vizuri tu.

Juni 2020 ndipo nikapanda ngazi kwenda kwa wakala.

Alichoniuzia nitakieleza kama kilivyo. Ana vijana wawili Yiwu, Watanzania waliosomea huko na wakabaki wakati wengine wanarudi. Unatuma picha au sampuli, wao wanazunguka sokoni, wanakupigia simu ya video kwenye WeChat, mnachagua pamoja, wanalipa, wanakusanya ghalani kwao, wanapakia kontena la kuchangia. Anachukua asilimia 5 ya bei ya bidhaa kwa ununuzi, halafu nauli kwa CBM, yaani meta moja ya ujazo, na bei hiyo inajumuisha ushuru na kila kitu mpaka stoo ya Dar. Mwanzo alinitoza dola 280 kwa CBM.

Mwaka wa kwanza nilimchukia yule kijana aliyekuwa ananinunulia. Ananionyesha zipu kwenye kioo cha simu, nyeusi, inang'aa, kila zipu kwenye simu inang'aa. Nikapokea katoni mbili za zipu za inchi 22 ambazo kichwa kinatoka mkononi fundi akivuta mara ya tatu. Nilimfokea. Akajibu kwa adabu, "Shangazi, niambie wewe ungefanyaje, na mimi nitafanya hivyo hivyo." Hapo ndipo huduma ilipoanza kuwa huduma. Nikamwambia: simu weka karibu na zipu, usiongee, vuta mara ishirini. Zipu nzuri inalia mfululizo, kama mchanga unaomiminwa. Mbovu inakwama kidogo mahali palepale kila mara, tk, unaisikia kabla hujaiona. Kisha ifunge, itundike, ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Wenye maduka kule walikuwa wanamcheka. Siku hizi wanajua. Akifika tu wanamletea chupa.

Kwa hiyo, ndiyo, nanunua zipu kwa sikio. Na kwenye sehemu hii nawapa alama zote: tangu mwaka 2021 katoni mbovu nilizopata kwao ni tatu, mbili wakalipa bila mjadala. Ya tatu ni kosa langu. Niliandika "nyeusi" na sampuli niliyotuma ilikuwa ya bluu iliyoiva sana, nilikuwa nimeipiga picha usiku chini ya taa ya duka. Zipu 12,000 za bluu bado ninazo, mwenye kiwanda cha sare za shule anitafute.

Sasa nauli. Septemba 2021 nilipandishiwa hadi dola 430 kwa CBM nikaenda ghorofani nikiwa nimevaa hasira. Mwenye ofisi akanikalisha, akanionyesha kwenye simu yake bei za kontena la futi 40 kwenye njia kubwa za dunia: kabla ya corona halikufika dola 2,000 kwa wastani, wakati ule lilikuwa limepita 10,000. Nikamuuliza, njia za Marekani na Ulaya zinanihusu nini mimi wa Kariakoo? Jibu lake ni bora kuliko lolote nililosoma gazetini. Wamarekani wamekaa ndani na pesa, hawaendi hotelini, hawasafiri, wananunua vitu. Kontena zinakwenda kwao zimejaa, huko bandari zimeelemewa, hazirudi upesi. Mwenye meli ana boksi tupu moja China na wateja wawili. Mmoja anampa mara tano ya mwingine. Wewe ni yule mwingine.

Hata ile meli ya Ever Given iliyokwama Suez siku sita Machi 2021, ambayo sisi wa njia ya Bahari ya Hindi tuliicheka kwamba haituhusu, ilituhusu kwa mlango huo huo wa boksi. Na mwezi Agosti mwaka ule mzigo wangu ulikuwa Ningbo, bandari ya karibu na Yiwu. Mfanyakazi mmoja wa gati la Meishan akakutwa na virusi. Mmoja. Gati likafungwa tarehe 11, likafunguliwa tarehe 25. Katoni zangu 28 zilikaa pale, zikakosa meli yake, ikapita na iliyofuata, na zikaingia Dar mwishoni mwa Oktoba. Sare za shule za Januari mafundi wanaanza kununulia vifaa Novemba, kwa hiyo nilipona kwa wiki mbili. Usiku mwingine nilikuwa nalala nahesabu: mtu mmoja, pua moja, kijiti kimoja cha pamba.

Hizo katoni 28 ndizo zilizotugombanisha. Kijana wa Yiwu alinitumia vipimo: kila katoni sentimita 60 kwa 45 kwa 40, jumla CBM 3.02. Kufika Dar naambiwa nilipie 3.76. Nikaenda stoo na futi kamba yangu ya dukani. Katoni zilikuwa zimevimba: zimerundikwa, zimepata unyevu, tumbo limetoka. Kijana wa stoo alikuwa anapima kwenye tumbo la katoni, 65 kwa 48 kwa 43. Sentimita chache tu kila upande, lakini zidisha mara 28, halafu mara dola 430. Ni zaidi ya dola 300, na kwa bei ya dola ya wakati ule ni laki saba na ushee, kwa ajili ya hewa. Tuligawana hasara nusu kwa nusu baada ya siku mbili za maneno. Tangu hapo nadai picha ya kila katoni Yiwu ikiwa na futi kamba juu yake, na nalipia vipimo vya Yiwu. Kama wakala wako anakataa hili, mkimbie, hata kama anakuita dada.

Malalamiko ya pili ni makubwa zaidi na hayajaisha. Kontena la kuchangia ni kama daladala: mmoja akiwa na bangi, wote mnashuka. Mwaka 2022 mwenzetu tusiyemjua aliandika vyombo vya plastiki, ndani mna simu. Forodha wakalizuia kontena zima kwenye bandari kavu siku 19. Zipu zangu hazikuwa na kosa lolote na hakuna aliyenifidia hata senti. Nilipouliza ni nani anayekagua kinachoandikwa na wachangiaji wengine, nikapewa soda.

Na karatasi. "Bei ya mpaka stoo" ni tamu kwa sababu hushughuliki na forodha. Siku ofisa wa kodi akiingia dukani akauliza, huu mzigo uliingiaje, unamwonyesha nini? TANSAD, ile hati ya forodha ya kuingizia mzigo, imetoka kwa jina la mwenye kontena, wewe una risiti ya mkono. Kariakoo ilipofunga maduka Mei 2023 kulalamikia mambo ya kodi, wengi tuliokuwa tumekaa kwenye ngazi siku zile tulikuwa na shida ya aina hii mfukoni na hatukuisema kwa sauti. Sasa hivi wakala ananipa ankara yenye jina langu, namba ya kontena na nakala ya TANSAD. Ilinichukua miezi minane kumfikisha hapo. Wewe anza nayo siku ya kwanza.

China ilipofungua mipaka, tarehe 8 Januari 2023, nilijiapiza kumwacha. Aprili nikapanda ndege. Nilivyolisubiri lile soko miaka mitatu na nusu! Vibanda viko palepale, lakini katika kila vibanda vitano utaona kimoja msichana amesimama mbele ya simu iliyo kwenye mguu wa chuma, anauza zipu kwa mtu asiyeonekana. Nilisimama mbele ya mmoja dakika kumi, natingisha pochi, hakugeuka. Zamani mteja aliyekuja kwa ndege alikuwa mfalme. Bei niliyopata kwa mkono wangu ilipishana na ya yule kijana kwa senti tupu, kwenye bidhaa mbili yeye alikuwa chini yangu. Nikamnunulia chakula cha jioni. Kijana mwenyewe ni mrefu kuliko nilivyodhani.

Ila kuna nilichokipata ambacho simu haijawahi kunipa. Nilikuwa natafuta vifungo, nikaona pembeni lastiki yenye tundu za vifungo, ile inayorekebishwa kiunoni kwenye nguo za watoto. Sikuwa nimeiagiza kwa sababu sikujua kama ipo. Mafundi wangu wa sare sasa hawataki nyingine. Wakala anakuletea ulichokitaja. Hawezi kukuletea ulichokuwa hujakijua. Ndiyo maana jibu langu kwa swali lenu ni nenda, lakini mara moja kila baada ya miaka miwili, ukaangalie pembeni. Mengine mwachie. Kwa sasa naagiza mara nne kwa mwaka, dola 4,500 kila mara, kamisheni yake inafika dola 900. Linganisheni wenyewe na zile 3,200.

Hesabu hiyo lakini ina shimo, na sitaki mniambie baadaye sikusema. Zamani nilikuwa na mzigo wa akiba wa mwezi mmoja dukani na nikajiona mjanja, pesa haikai. Sasa kwa vitu vitano visivyokosekana, yaani zipu nyeusi za inchi 7 na 22, lastiki nyeupe, uzi mweusi na vifungo vyeupe vya shati, nakaa na wa miezi mitatu. Hiyo ni stoo ya kukodi, ni mtaji umelala, ni panya. Mume wangu anaiita benki ya zipu. Watu wa viwanda vikubwa nasikia nao wamerudi kujaza maghala baada ya mwaka 2021, wao wana majina mazuri ya kitaalamu ya jambo hili. Mimi nina kufuli mbili.

Kuna walioniambia niachane na China moja kwa moja. Mwaka 2021, China ikiwa imefungwa na Uturuki iko wazi, nusu ya mtaa ulikwenda Istanbul na mimi nikaenda. Vitu vizuri, unanunua kidogo kidogo bila kulazimishwa katoni, na ukisafirisha kwa ndege unavipata ndani ya wiki. Kwa fundi wa gauni za harusi nitakuuzia zipu ya Uturuki. Kwa suruali ya shule bei haikubali.

Na vya hapa nyumbani? Kijana mmoja wa Mbagala anatengeneza vifungo vya kifuu cha nazi. Anakata, anatoboa, anasugua mpaka vinang'aa kama maji. Kimoja 150, cha plastiki kutoka Qiaotou kinanitua dukani chini ya 30. Kwenye shati la kitenge kifungo chake hakina mpinzani na wateja wanaolijua hilo wanalipa. Akijitahidi na umeme ukiwepo ananipa 400 kwa wiki. Nachukua vyote. Fundi mmoja tu wa mashati anaweza kuvimaliza siku mbili, na zipu kijana wangu hawezi kuitengeneza kwa kifuu. Pamba tunalima wenyewe, sehemu kubwa inaondoka ikiwa robota, inarudi ikiwa uzi kwenye kibao cha plastiki ninaokuuzieni mimi. Ninapoandika hivi natazama rafu yangu yote, rangi arobaini na kitu.

Msinielewe vibaya kwamba kila kilichobadilika kilibadilishwa na corona. Mafundi wa Mbeya na Mwanza kuniagiza kwa WhatsApp, kulipa kwa lipa namba na kupokea parseli kwenye basi, hilo lilikuwa limeshaanza. Binti yangu wa dukani ndiye aliyenilazimisha kupiga picha bidhaa zote na kuzipa namba mwaka 2020 tulipokuwa hatuna cha kuuza. Sasa theluthi ya mauzo yangu haipiti mlangoni. Kinachoniuma ni kwamba hawa nao hawashiki. Wananunua kwa macho yangu kama mimi ninavyonunua kwa macho ya yule kijana. Fundi wa Mbeya juzi kaniambia, "Mama, niwekee simu karibu niisikie." Sikumuuliza alikoitoa.

Alama zangu: ununuzi tano kwa tano, mawasiliano nne, vipimo vya stoo mbili, na hizo ni kwa sababu ya ile futi kamba, kontena la kuchangia moja na nusu. Mwenye mzigo wa chini ya CBM moja asiende kwao, atasubiri mpaka kontena lijae na hawatamwambia ukweli litajaa lini. Mwenye mzigo wa kujaza kontena lake mwenyewe hahitaji wakala wa aina hii, atafute wa forodha tu. Wa katikati kama mimi, ndiyo.

Kuna katoni 22 zangu zimeshuka bandarini Jumanne. Picha ninazo, kila moja na futi yake, jumla 2.38. Stoo wamepiga jana kusema ni "kama mbili na nusu hivi, mama." Kesho saa mbili asubuhi niko pale.